Alama na Kosa katika Picha ya "Green for Danger"

Picha ya sinema iitwayo Green for Danger iliongozwa na Sidney Gilliat, ikaonyeshwa kwanza mwaka 1946. Asili yake ni riwaya ya Christianna Brand ya mwaka 1944, na jina lake lina maana ya kuwa rangi ya kijani ni dalili ya hatari. Huhesabiwa miongoni mwa picha bora za upelelezi za Uingereza, walakini ubora wake haumo katika fumbo la muuaji peke yake. Umo zaidi katika namna inavyoipima imani ya watu juu ya alama.

Brand alikuwa mke wa daktari mpasuaji, na mambo ya hospitali hayakuwa mageni kwake. Riwaya yake yaeleza hospitali ya kijeshi huko Kent, katika miaka ya mwanzo ya Vita Kuu ya Pili. Gilliat aliyahamisha mambo hayo hadi Agosti 1944, wakati wa mabomu yarukayo pasipo rubani. Badiliko hilo si dogo. Bomu la namna hiyo lilisikika likinguruma. Mngurumo ulipokatika, ndipo lilipoanguka. Basi watu walijifunza kuogopa kimya kuliko kishindo.

Mpeleka barua aliyejeruhiwa na bomu alazwa mezani, apewa nusukaputi, kisha afa. Alipobadilika hali, daktari alimwongezea oksijeni kutoka mtungi wenye rangi zake zijulikanazo, nyeusi na nyeupe. Kumbe ulikuwa mtungi wa hewa ya ukaa, ambao rangi yake ilikuwa kijani, nao ulikuwa umepakwa upya kwa hila. Daktari alifanya kama ilivyompasa. Alama ndiyo iliyosema uongo. Yafaa ikumbukwe kwamba picha yenyewe haina rangi. Mtazamaji hakioni hicho kijani hata mara moja. Hukijua kwa kuambiwa tu, naye hana budi kusadiki.

Msimulizi ni Inspekta Cockrill, aliyeigizwa na Alastair Sim. Masimulizi yake ni taarifa amwandikiayo mkubwa wake, na sauti hiyo, kwa kuwa yaujua mwisho tangu mwanzo, humfanya mtazamaji aiamini kama daktari alivyouamini mtungi. Cockrill ni mtu wa majivuno na mzaha, apendaye kuwaona washukiwa wakihangaika. Mwishoni amwona daktari mpasuaji, sindano mkononi, akimwendea mwuguzi aliyekwisha kujulikana kuwa ndiye muuaji. Adhani ni shambulio, amzuia. Kumbe sindano ile ilikuwa na dawa ya kuizima sumu iliyokwisha kumwingia mwanamke huyo, naye afa.

Hapo ndipo sehemu mbili za hadithi zinapokutana. Daktari alisoma rangi akakosea. Mpelelezi alisoma sindano akakosea vilevile, ingawa kazi yake ilikuwa kufichua kosa la kwanza. Taarifa iliyoanza kwa kujiamini yamalizika kwa ombi la kujiuzulu, ambalo mwandikaji atumaini halitakubaliwa. Kicheko cha maneno hayo hakiondoi uzito wake. Hadithi nyingi za upelelezi humwacha mpelelezi akiwa msomaji pekee asiyekosea. Hii yamweka katika safu moja na wengine, na mtazamaji pamoja naye.