Samaki wa Mwambani Nyumbani: Nani Akae na Nani?

Siku ya tatu baada ya Idi, watoto wetu waliamka wakakuta tangi la kioo lina samaki mmoja badala ya wanne. Tulikuwa tumenunua chewa mchanga, urefu wake kama kiganja, pamoja na samaki watatu wa rangi wasiozidi kidole gumba. Muuzaji alituhakikishia kuwa wote ni wa bahari moja, nasi tukaridhika. Chewa hakukosea, alikula alichoumbiwa kula. Kosa lilikuwa letu sisi tuliowafungia pamoja.

Baharini mnyonge ana pango la kujificha na maji ya kukimbilia. Ndani ya kioo hana. Kwa hiyo, mzazi anayetaka kuwawekea wanawe tangi la maji ya chumvi asianze kwa kuuliza ni samaki gani mzuri. Aulize: nani humla nani, nani humfukuza nani, na huyu mdogo wa leo atakuwa na ukubwa gani kesho?

Kwa maswali hayo, wengi wa samaki wa pwani yetu wataachwa baharini. Chewa na mkunga humeza wadogo. Kikande ana meno makali na ni mgomvi. Aina nyingi za vitatange hula matumbawe yaliyo hai, na wakiyakosa hufa kwa njaa mbele ya chakula cha dukani. Kangaja huhitaji nafasi ndefu ya kuogelea, na wawili wa aina moja hupigana katika tangi dogo.

Wanaofaa wapo. Katika tangi la lita 200 hivi, twapendekeza kuanza na jozi ya wale samaki wadogo wanaoishi baina ya mikono ya anemoni wa baharini. Wawe wa aina moja: mkubwa huwa jike na mdogo hubaki dume. Wasiongezwe wa tatu, maana atapigwa. Wanaweza kuishi bila anemoni, kwani yeye ni mgumu kutunza. Mwenzao anayefaa ni yule samaki mdogo wa mchangani anayeishi shimo moja na kamba: kamba huchimba, naye samaki hulinda mlango, kwa kuwa kamba haoni vizuri. Watoto watajifunza mengi kwa kuwatazama hao peke yao.

Samaki wasitiwe siku ile ile tangi linapojazwa. Maji hungojewa wiki nne hadi sita, bakteria wazaliane na kuibadili amonia itokanayo na uchafu wa samaki, ambayo ni sumu kwao. Wapole hutangulizwa, na mwenye kupenda kumiliki mahali huingizwa mwisho, ili asiwakaribishe wenzake kwa vita.

Muuzaji naye aulizwe samaki ametoka wapi. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo, karibu na Dar es Salaam, vimo katika hifadhi ya bahari, na samaki wa huko hawachukuliwi. Aliyevuliwa kwa utupa asinunuliwe kabisa. Uvuvi wa sumu umekatazwa na sheria, nao huua hata viumbe ambao mvuvi hakuwakusudia.

Kufuga kumeruhusiwa, lakini ni amana. Mtume (s.a.w.) ametueleza habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie akajitafutia mwenyewe. Samaki wa tangini naye hawezi kujitafutia chochote: chakula, maji safi, hata majirani, vyote tunamchagulia sisi.

Tangi letu sasa lina samaki watatu tu. Chewa tulimpa mwenye tangi kubwa lisilo na wadogo. Watoto walitaka tuongeze mmoja mwenye rangi ya bluu. Tukawaambia tutakwenda kumtazama kwake, siku maji yatakapokupwa.