Aliingia kukandwa mgongo, akatoka na deni la vipodozi

TUCHUKUE mfano wa abiria aliyepanda meli ya kitalii katika bandari ya Miami, Marekani, kwa safari ya siku saba kwenye visiwa vya Karibi. Siku ya tatu meli iko katikati ya bahari, hakuna pa kushuka, na mgongo unamuuma. Anaamua kwenda spa, ile sehemu ya masaji na urembo, akandwe.

Bei ni Dola 150 kwa dakika 50. Anaona ni ghali, lakini anajiambia kwamba likizo haiji kila siku.

Saa moja baadaye anatoka na mfuko mkononi. Ndani mna chupa mbili za mafuta, mkebe wa krimu na pakiti ya vidonge vya mwani, vyote kwa Dola 420. Ukiongeza bakshishi ya asilimia 20 juu ya masaji, yaani Dola 30, deni lake limefika Dola 600. Alipoingia hakuwa na nia ya kununua hata kimoja cha vitu hivyo.

Hesabu hiyo ni ya mfano tu, lakini mtindo wenyewe unajulikana sana kwa wanaosafiri kwa meli hizo. Malalamiko kuhusu kushinikizwa kununua vipodozi baada ya masaji yamekuwapo kwa miaka mingi, na wasafiri wazoefu huwafunza wageni namna ya kujinasua.

Msomaji huenda akauliza: mimi mkulima wa viazi Nyandarua, ama muuza mboga Kongowea, yananihusu nini mambo ya wenye pesa baharini?

Yanakuhusu. Mbinu zinazotumika kule ndizo zinazotumika kukuuzia dawa ya mifugo usiyoihitaji. Vijana wetu nao wanatafuta kazi katika meli hizo. Na kwa kuwa wewe mwenyewe ni muuzaji, ni vyema ujue pale ambapo kushawishi mteja kunageuka kuwa kumfukuza.

Jinsi mteja anavyonaswa

Kazi huanza kabla ya mteja kulala kitandani. Hupewa fomu ajaze: maumivu yako wapi, ngozi ikoje, unalala vizuri, ungependa kubadilisha nini mwilini mwako?

Baadhi ya maswali ni ya usalama, kwa mfano kama mteja ana mimba ama shinikizo la damu, na hayo lazima yajibiwe kwa ukweli. Mengine ni ya kibiashara. Ukiandika kwamba miguu yako huvimba, tayari umemwonyesha muuzaji pa kuanzia.

Wakati wa kukandwa, kasoro huanza kutajwa kwa sauti ya upole. Misuli imekaza. Ngozi imekauka. Mwili umejaa sumu. Mtu aliyelala kifudifudi akiwa amefunikwa taulo hana nguvu za kubishana na anayemhudumia.

Mwishoni huletewa maji ama chai, pamoja na karatasi yenye orodha ya bidhaa, mfano wa daktari anavyoandika dawa. Bidhaa zenyewe zimeshapangwa mezani. Haulizwi kama angependa kununua, bali huulizwa angependa kuanza na zipi.

Kuna pia mihadhara ya bure. Leo ni jinsi ya kupunguza tumbo, kesho ni kupimwa nyayo. Anayepimwa nyayo hukuta kwamba mwisho wa kipimo kuna soli za kutia ndani ya viatu zinazouzwa. Anayepimwa mafuta ya mwili huelekezwa kwenye vidonge vya mwani vya "kusafisha" mwili.

Hapa ni muhimu kusema wazi. Kazi ya kuondoa uchafu katika damu hufanywa na ini na figo. Hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba kufungwa mwani mwilini ama kumeza vidonge vyake kunaondoa sumu. Sentimita zinazopungua kiunoni baada ya kufungwa hurudi baada ya muda mfupi, kwani mafuta ya mwili hayajaenda popote.

Isitoshe, melini hakuna anayetoa noti. Abiria hulipia kila kitu kwa kadi ile ile ya kufungulia mlango wa chumba chake, na jumla hulipwa mwisho wa safari. Anayehesabu noti huona mfuko ukipungua, ilhali anayepitisha kadi haoni. Wale waliowahi kuchukua bidhaa kwa daftari la mkopo kijijini wanajua jinsi deni la kidogo kidogo linavyoshtua mwisho wa mwezi.

Nani analipwa nini

Ukitaka kuelewa kwa nini mkandaji anasukuma, usiangalie tabia yake. Angalia jinsi anavyolipwa.

Spa nyingi za melini haziendeshwi na kampuni yenye meli. Huendeshwa na kampuni nyingine kwa mkataba, na kampuni ya meli hupata sehemu ya mapato. Kampuni kubwa zaidi katika biashara hii ni OneSpaWorld yenye makao Bahamas, ambayo iliingia katika soko la hisa la Nasdaq mwaka 2019. Huendesha spa katika meli zipatazo 200, na mwaka 2024 mapato yake yalikaribia Dola milioni 900. Sehemu kubwa ilitokana na huduma kama vile masaji, lakini mauzo ya bidhaa nayo yalileta karibu moja kwa tano.

Soko lenyewe ni pana. Kulingana na chama cha kimataifa cha kampuni za meli za kitalii, CLIA, abiria waliosafiri kwa meli hizo mwaka 2024 walikuwa milioni 34.6. Thamani ya vipodozi nayo si ya kubeza. Elemis, chapa ya Uingereza iliyopata wateja wengi kupitia spa za melini, ilinunuliwa na kampuni ya L'Occitane mwaka 2019 kwa Dola milioni 900.

Mkandaji yuko chini kabisa ya ngazi hiyo. Dola 150 za masaji hugawanywa kati ya kampuni ya meli na kampuni ya spa kabla ya fungu lake kufikiwa. Kwa kawaida sehemu kubwa ya kipato chake ni kamisheni, na huwekewa lengo la mauzo. Kwa hivyo, dada anayekushinikiza ununue krimu naye ameshinikizwa, na huenda yuko maelfu ya kilomita kutoka kwa mama na watoto wanaosubiri amtumie pesa.

Kulijua hilo hakukulazimu kununua. Kunakusaidia kukataa bila hasira.

Namna ya kukataa

Njia bora ni kusema mapema. Wasafiri wazoefu huandika juu ya fomu kwamba hawataki kuuziwa bidhaa, kisha hulirudia kwa mdomo kabla ya kulala kitandani. Hivyo mkandaji hapotezi muda wake, na mteja anapumzika alivyokusudia.

Pili, usitoe sababu. Ukisema ni ghali, utapunguziwa bei. Ukisema ngozi yako haipatani na mafuta, italetwa chupa nyingine isiyo na mafuta. Kila sababu ni mlango anaoweza kupitia muuzaji. "Hapana, asante" haina mlango. Irudie mara mbili ama tatu kwa sauti ile ile.

Tatu, ahirisha. Chukua orodha uende nayo chumbani. Uamuzi wa kutumia mamia ya dola haufai kufanywa na mtu mwenye usingizi machoni na mafuta mgongoni. Bidhaa nyingi za aina hiyo huuzwa pia nchi kavu, na bei zinaweza kulinganishwa. Aidha, asiye na haraka husubiri siku meli inapotia nanga, kwani abiria wengi hushuka na spa nyingi hupunguza bei za huduma.

Nne, soma risiti kabla ya kutia sahihi. Mara nyingi bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 huwa imeshaongezwa, na bado kuna mstari mtupu chini yake wa kuandika bakshishi nyingine. Asiyesoma hulipa mara mbili. Kagua bili ungali safarini na ulalamike katika ofisi ya wageni mapema, kwani ukishashuka bandarini kudai ni kazi ngumu. Mali bila daftari huisha bila habari.

Mbinu hizo dukani kwetu

Sasa turudi nyumbani. Mkulima anaingia katika duka la pembejeo akiwa na jani la mhindi lililotoboka. Anatoka na dawa ya wadudu, dawa ya ukungu na mbolea ya kunyunyizia majani, ilhali tatizo lilikuwa moja. Kwanza aliulizwa maswali, kisha akatishwa kwamba atapoteza shamba zima, halafu akaandikiwa orodha. Ni mambo yale yale ya melini.

Dawa yake ni ile ile. Kabla ya kwenda dukani, mwonyeshe afisa wa kilimo jani hilo, ujue unachotafuta. Mwambie mwenye duka: "Ndugu, nimekuja kuchukua kitu kimoja tu leo." Hakikisha dawa imesajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu (PCPB). Ukinunua mbegu, kwangua kibandiko cha KEPHIS kwenye pakiti na utume nambari iliyofichwa kwa 1393 ili kujua kama ni halali.

Sheria nayo haijanyamaza. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 hapa Kenya inataja kumshinikiza mnunuzi kupita kiasi miongoni mwa mienendo isiyokubalika katika biashara.

Binti akiitwa kazi melini

Kuna wazazi ambao wameuza ng'ombe ama kipande cha shamba ili kijana aende kufanya kazi katika meli za nje. Kwa anayeitwa kazi ya spa, swali la kwanza lisiwe mshahara ni dola ngapi, bali mshahara unahesabiwaje. Je, kuna kiwango cha chini kinacholipwa hata asipouza kitu? Kamisheni ni asilimia ngapi? Lengo asipolifikia kunatokea nini? Nani analipia tiketi ya ndege na sare? Majibu yawe ndani ya mkataba, si katika maneno ya simu.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Anachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Wakala anayedai laki mbili za "kushika nafasi" anavunja kanuni hiyo. Kabla ya kutoa hata shilingi, uliza katika Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA) kama wakala huyo ana leseni.

Funzo kwa anayeuza

Mwenye saluni mjini ama duka la pembejeo huenda akasoma haya na kujiambia: kumbe kamisheni huleta mauzo! Ni kweli huleta. Lakini kuna tofauti moja kubwa.

Spa ya melini humwona mteja kwa wiki moja. Jumapili anashuka na maelfu ya wengine wanapanda. Akikasirika, atakasirikia mbali. Mteja wako ni jirani. Mtakutana sokoni, kanisani ama msikitini, katika chama na matangani. Ukimuuzia leo mafuta ya nywele asiyoyataka, hatakugombeza. Atakaa kimya, mwezi ujao apite mlangoni pako akienda kwa mwenzako, na akifika awaeleze wengine.

Hii haina maana kwamba usipendekeze bidhaa. Pendekeza kitu kimoja, eleza kitamsaidiaje, taja bei, kisha unyamaze. Akikataa, mshukuru na umhudumie kama alivyokuja. Ukiwa na wafanyakazi, wape mshahara wa kuwatosha kula hata siku ambayo hawakuuza chupa, na kamisheni iwe nyongeza. Mfanyakazi mwenye njaa hawezi kumwambia mteja ukweli.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla ya kumsukuma mteja, jiulize kama angerudi kununua bidhaa hiyo siku ambayo wewe haupo dukani.