Upande wa Pili wa Santuri

Mwombe mpenzi yeyote wa muziki wa dansi akutajie nyimbo za miaka ya 1970, na soda haijaisha utakuwa umeshapewa orodha ile ile: Georgina ya Safari Trippers, Dirishani ya Afro 70, Shida ya Mbaraka Mwinshehe, na nyingine chache za ukoo huo. Ni nyimbo nzuri, hilo halina ubishi. Lakini zimepigwa kwenye harusi, kwenye mabasi ya mikoani na kwenye vipindi vya zilipendwa mpaka mgeni angeamini kwamba bendi zote za Tanzania, za wafanyakazi, za viwanda, za vijana na za watu binafsi, zilikaa miaka kumi zikatunga nyimbo kumi na mbili.

Wapo wasikilizaji waliokataa kuishia hapo. Starehe yao ni kumtumia mwenzao wimbo ambao hajausikia tangu utotoni, au hajausikia kabisa, kisha kukaa kusubiri. Zamani waliazimana santuri na kunakiliana kaseti. Leo wanatumiana kwa simu. Swali ni moja tu: "Hii unaikumbuka?" Kinachofuata mara nyingi ni mabishano kuhusu bendi. Hii Vijana. Hapana, hii Urafiki. Huyo siye, unamsingizia. Kwa maoni yangu mabishano hayo yana faida kuliko hata wimbo wenyewe uliotumwa.

Kwanza tuondoe dhana kwamba wimbo uliosahaulika ulikuwa mbaya. Tanzania ya miaka hiyo haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi ilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD), wimbo ukarushwa hewani nchi nzima, basi. Ukitaka uwe sahani inayonunuliwa dukani, njia ilikuwa Nairobi, kwenye makampuni ya huko. Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Ndiyo maana nyimbo nyingi za mwisho wa muongo ule zilibaki kwenye tepu za RTD tu. Aliyezisikia alizisikia kwa sababu redio yake ilikuwa wazi saa hiyo. Wimbo ukishaacha kupangwa kwenye kipindi, habari yake imekwisha.

Mfano ni Mbaraka. Alikuwa fundi wa gitaa wa aina yake, simpunguzii chochote. Lakini alikuwa pia na santuri nyingi zilizotoka Nairobi, na nyimbo zake zikakusanywa kwenye mfululizo wa albamu za Ukumbusho. Mpenzi wa leo ana pa kuzipata. Pale pale Morogoro alikopiga Mbaraka kulikuwa na Juma Kilaza, aliyeishika bendi ya Cuban Marimba baada ya Salum Abdallah kufariki mwaka 1965. Leo ukimtaja Kilaza mbele ya kijana anayejiita mpenzi wa zilipendwa, atakuuliza ni nani.

Hata zile zilizobahatika kuwa santuri zina kasoro yake. Sahani ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika hubeba dakika tatu, nne hivi kila upande, na wimbo wa dansi haukutungwa kwa kipimo hicho. Unaanza taratibu, kisa kinasimuliwa, ubeti unafuatwa na kiitikio. Halafu unafika mahali masimulizi yanakoma, magitaa yanabadili mwendo, tarumbeta na saksafoni zinajibizana, na hata aliyekuja kukaa tu anainuka kwenye kiti. Wanamuziki wanapaita hapo chemko. Kwenye santuri, kisa kilikaa upande wa kwanza na chemko likaangukia upande wa pili. Mtangazaji mwenye haraka alipiga upande wa kwanza akaenda kwenye taarifa ya habari. Aliyeihamishia sahani kwenye kompyuta miaka ya karibuni, naye mara nyingi kahamisha upande mmoja. Matokeo yake zipo nyimbo tunazozijua nusu: tunajua mwanamke aliondoka na kwa nini, hatujui bendi ilifanya nini baada ya hapo. Kusikiliza dansi bila chemko ni kuondoka ukumbini bendi ikiwa ndiyo kwanza inapasha vyombo moto.

Kwa hiyo mwenye upande wa pili ana heshima yake. Wapo wanaoziunganisha pande hizo kwa uvumilivu, wakapunguza mikwaruzo bila kuua sauti ya besi, wakawarudishia wenzao wimbo mzima.

Kumjua mwenye wimbo ni kazi nyingine. Faili linakuja halina jina, au lina jina la kubuni la mtu aliyelituma. Hapo mitindo inaokoa. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na jina la mtindo lilipigiwa kelele ndani ya wimbo, hasa mambo yanapochemka. Ukisikia Saboso, hao ni Western Jazz. Sokomoko ni Safari Trippers, Chakachua ni Urafiki, Kiweke ni Atomic ya Tanga, Segere Matata ni Tabora Jazz. Vijana Jazz wakiitana kwa Kokakoka uko pazuri. Wakiitana kwa Pamba Moto umeshatoka kwenye muongo wetu, rudi nyuma.

Sauti ya mwimbaji peke yake si ushahidi wa kutosha. Muhidin Maalim Gurumo aliimba NUTA Jazz tangu 1964, na mwaka 1978 akahamia Mlimani Park. NUTA yenyewe ilibadilika jina kadiri chama cha wafanyakazi kilivyobadilika: JUWATA, kisha OTTU, halafu Msondo Ngoma. Bendi ni ile ile, lakini kwenye simu za watu nyimbo zake zimetawanyika kama za bendi nne. Mabishano ya wapenzi ndiyo yanayozikusanya. Mmoja anakumbuka mpiga solo, mwingine anakumbuka ukumbi, wa tatu anatoa picha ya karatasi ya katikati ya santuri, na ubishi umekwisha.

Jambo hili lina uzito kwa sababu wimbo usio na mwenyewe hauna wa kumlipa. Hata mwenye jina kubwa hakuwa salama: mwanamuziki Marijani Rajab, Jabali la Muziki, alifariki mwaka 1995, na siku zake za mwisho alikuwa akiuza kanda Dar es Salaam. Nchi nzima ilikuwa ikiziimba nyimbo zake. Na inauma kidogo kwamba mkusanyo wa muziki kama Zanzibara, unaoeleza bendi na wanamuziki kwa urefu, ulichapishwa Ufaransa badala ya Kariakoo.

Anayetaka kuanza kuchimba asiende Dar es Salaam kwanza. Aende Tabora, mji mmoja uliokuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe na Kiko Kids. Aende Tanga akasikilize Jamhuri Jazz, walikopita ndugu wawili wa Kinyonga, Wilson na George, kabla ya kuhamia Kenya na kuwa Simba Wanyika. Magitaa yale tunayoyaita ya Nairobi yalipata malezi yake kwenye mji wa mkonge.

Na ukipata kitu, usitume nyimbo hamsini kwa mkupuo. Hakuna atakayesikiliza hata moja. Tuma mmoja, uandike bendi, mtindo, waimbaji unaowajua, na kama umetoka kwenye santuri au umenaswa redioni. Palipo na shaka, andika shaka. Wenye kumbukumbu watajitokeza wenyewe, tena kwa ukali. Mimi wikendi hii natuma Kilaza, pande zote mbili.