Uchungu wa Uzazi: Tuzijue Dalili na Hatua Zake

Mwezi huu tunasema na familia nzima, si na akina mama peke yao. Uchungu ukishika usiku wa manane, anayeamua kama mama apelekwe hospitali au angoje kuche mara nyingi ni baba au mama mkwe. Basi nao wazijue dalili.

Katika wiki za mwisho tumbo hukaza na kulegea bila mpango, na mama akipumzika au akitembea maumivu hupoa. Huo ni uchungu wa uongo. Uchungu wa kweli huja kwa vipindi, aghalabu huanzia kiunoni ukazunguka hadi chini ya kitovu, na kadiri saa zinavyopita vipindi hukaribiana na kuzidi nguvu. Huweza pia kutoka ute mzito wenye damu kidogo, nao si wa kutisha. Lakini chupa ikipasuka na maji yakatoka, mama aende hospitali hata kama hasikii uchungu wowote, kwa sababu vijidudu vimepata njia ya kumfikia mtoto. Maji yakiwa ya kijani, damu ikitoka nyingi, au mama akiumwa sana kichwa na kuona giza, msingoje hata kidogo.

Hatua ya kwanza ni ya kufunguka kwa mlango wa mfuko wa uzazi, mpaka ufikie sentimita 10. Mwanzo wake huenda polepole, hasa kwa mimba ya kwanza. Kuanzia sentimita 5 mwendo hushika kasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unasema kwamba kutoka hapo kwa kawaida haizidi saa 12 kwa mzazi wa kwanza, na saa 10 kwa aliyekwisha kuzaa. Mama atembee akiweza, anywe chai au uji, akojoe mara kwa mara, na asisukume kabla mkunga hajamwambia.

Saa hizo zikipita bila mtoto kuzaliwa, ndipo maneno huanza. Katika baadhi ya familia zetu mama hubanwa ataje mwanamume aliyetembea naye, eti bila kukiri mtoto hatatoka. Tunasema wazi: uchungu hukawia kwa sababu nyonga ni nyembamba, au mtoto amelala vibaya, au mfuko wa uzazi umechoka kukaza. Dhambi haimo. Kuungama ni kwa padre, tena kwa hiari, wala si mbele ya mashemeji. Na wakati mama anahojiwa, kichwa cha mtoto kinazidi kubana kibofu, na nyama iliyobanwa mno hufa ikaacha tundu: hiyo ndiyo fistula, ambayo humfanya mama avujwe na mkojo mchana na usiku mpaka afanyiwe upasuaji.

Wengine huleta mizizi ya kuongeza uchungu. Dawa hizo hazina kipimo. Zikikaza mfuko wa uzazi kupita kiasi mtoto hukosa hewa, na mfuko wenyewe waweza kupasuka, hasa kwa mama mwenye kovu la upasuaji. Huyo wa kovu afadhali akae karibu na hospitali siku zake zikikaribia.

Hatua ya pili ni kusukuma. Mzazi wa kwanza kwa kawaida humaliza ndani ya saa 3, wengine ndani ya saa 2, na wengi kabla ya hapo.

Hatua ya tatu ni kutoka kwa kondo la nyuma, kwa kawaida ndani ya nusu saa. Ni fupi, lakini ndiyo yenye hatari ya damu nyingi, na ndiyo maana mkunga humchoma mama sindano ya kukaza mfuko wa uzazi mara mtoto anapozaliwa. Ikitokea mama amejifungua nyumbani au njiani, msivute kitovu. Mfuteni mtoto, mlazeni kifuani pa mama, wafunikeni wote wawili, naye anyonye mara moja, kwani kunyonya husaidia mfuko kukaza. Kisha tafuteni gari au pikipiki mwende hospitali, hata kama kondo limekwisha kutoka na mama anasema hajambo.