Picha Kongwe na Kumbukumbu za Wazee: Mafunzo kutoka Nyanza na Uganda

Ikisiri

Makala haya yanafafanua uhusiano wa picha kongwe za vijijini na kumbukumbu simulizi kwa kutumia mifano miwili: picha zilizopigwa Nyanza, Kenya, mwaka 1936, na picha za familia zinazokusanywa nchini Uganda. Hoja kuu ni kwamba picha za makumbusho aghalabu zina hifadhi nzuri bila majina, ilhali picha za kijijini zina majina bila hifadhi. Makala yanapendekeza hatua za kuunganisha pande hizo mbili kabla mashahidi hawajatoweka.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa kurejesha urithi wa Afrika umejikita zaidi katika vinyago, ngoma na mabaki ya binadamu. Picha hutajwa kwa nadra, pengine kwa sababu nakala yake huweza kutolewa bila picha asilia kuondoka rafuni. Wepesi huo unapotosha. Nakala ikitumwa bila mpango wa kuwasikiliza wanaoitambua, hurudi kama ilivyoondoka: sura zisizo na majina na nyumba zisizo na wenyewe.

2.0 Nyanza: hifadhi bila majina

Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alifanya utafiti miongoni mwa Wajaluo wa magharibi mwa Kenya mwaka 1936, kwa takribani wiki sita. Picha alizopiga zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford. Mwaka 2007, Gilbert Oteyo na Christopher Morton waliandaa maonesho ya picha za kale za Wajaluo kutoka makumbusho hayo na kuyapeleka Nyanza. Yaliitwa Paro Manene, maneno ya Kidholuo yenye maana ya kuyatafakari ya zamani.

Umuhimu wa hatua hiyo unaeleweka ukitazamwa mpangilio wa dala, yaani boma la Wajaluo. Mgeni akiiona picha ya dala huhesabu nyumba za nyasi. Mzee aliyelelewa humo husoma ukoo mzima. Nyumba inayolielekea lango ni ya mikayi, mke wa kwanza. Za wake wenza hupangwa kando yake kwa kufuata utaratibu wa ndoa. Duol, mahali ambapo wazee wa kiume waliota moto na kuamua mambo, huwa karibu na zizi la ng'ombe. Karibu na lango husimama simba, nyumba za vijana wa kiume wa boma hilo. Hata mti mwembamba uliochomoza kileleni mwa paa, uitwao osuri, una habari yake: huondolewa mwenye boma anapofariki. Hivyo, kijiti kisichozidi kiasi cha mkono huweza kueleza kama picha ilipigwa kabla au baada ya kifo cha baba wa familia.

Maarifa ya aina hiyo hayapatikani kwa urahisi katika rejesta za kikoloni. Nyingi ziliwaita wakazi wa eneo hilo Wakavirondo, jina lililowajumuisha Wajaluo na jirani zao Waluhya ingawa lugha zao ni za jamii mbili tofauti. Mtafiti anayetafuta picha kwa kutumia jina la ukoo au kijiji huenda asiambulie chochote, japo picha imo.

3.0 Uganda: majina bila hifadhi

Nchini Uganda mwelekeo ni wa kinyume. Mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa na Andrea Stultiens na Canon Griffin mwaka 2011, umejishughulisha na kunakili picha zilizomo mikononi mwa watu binafsi, familia na taasisi, na kuzirudisha hadharani kwa njia za kidijitali, vitabu na maonesho. Picha za familia kwa kawaida zina mtu anayejua nani ameketi kushoto, harusi ilikuwa ya nani na shamba lilianzia wapi. Zisichokuwa nacho ni ulinzi dhidi ya unyevu, mchwa, kuhama na mirathi. Sanduku likitupwa baada ya mazishi, picha na maelezo yake hupotea siku moja.

4.0 Kumbukumbu si hukumu

Kumbukumbu nazo hukosea na hushindana. Familia mbili zinaweza kumdai mtu mmoja pichani. Palipo na mgogoro wa ardhi, picha ya boma huweza kugeuzwa ushahidi wa nani alitangulia kukaa wapi. Kwa hiyo mkusanyaji hapaswi kuchagua simulizi moja na kuifuta nyingine; ziandikwe zote, pamoja na nasaba ya msimulizi na tarehe. Vilevile, baadhi ya picha zilipigwa bila ridhaa ya maana, na huweza kuwafedhehesha wazawa. Ukoo uulizwe kwanza, maonesho yafuate.

5.0 Mapendekezo

Kwanza, makubaliano ya kurejesha nakala yatenge fedha za kurekodi simulizi. Gharama hiyo isiachiwe kijiji. Pili, simulizi zirekodiwe kwa lugha ya mzee mwenyewe, kisha zifasiriwe kwa Kiswahili ili mtafiti wa Kampala aweze kuzitumia za Siaya. Mfasiri abakize istilahi za asili na kuzieleza, kwani simba wa Kidholuo si mnyama. Tatu, masahihisho ya wazee yaingizwe katika rejesta za makumbusho husika na chanzo chake kitajwe. Nne, hifadhi za nyaraka za wilaya na kaunti zitoe huduma ya kunakili picha za familia bila kuzichukua.

6.0 Hitimisho

Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1936 alikuwa na miaka 81 maonesho yalipofika Nyanza mwaka 2007. Mwaka 2026 umri wake ungekuwa miaka 100. Picha zilizotunzwa vyema zinaweza kusubiri karne nyingine. Wanaoweza kuzitaja kwa majina hawawezi. Mpangilio wa bajeti na wa kazi za utafiti hauna budi kufuata ukweli huo: mzee kwanza, mashine ya kunakili baadaye.