Mikarafuu Isikodishwe kwa Ajili ya Skolashipu



Msimu uliopita, majamvi yalipokuwa yameanza kutandikwa, alitujia ofisini mwanachama mmoja kutoka Pemba. Jina lake hatulitaji, kwani ameturuhusu tueleze habari yake, si nyumba yake. Mkononi alikuwa na barua ya mwanawe, mwalimu wa skuli ya sekondari huko Didia, wilaya ya Shinyanga. Kijana ataka kwenda Uingereza kusoma shahada ya pili. Amekutana na mtu aliyemwambia kuwa skolashipu ipo, ila "njia yake ina gharama," nayo ni shilingi milioni tatu. Mzee alitaka shauri letu: akikodisha mikarafuu yake kwa misimu mitatu, aombe bei gani?

Tulimwamkia, tukampa kahawa, halafu tukamwuliza: "Mzee wetu, fedha hizi analipwa nani, na stakabadhi yatoka wapi?"

Akajibu, "Wanangu, mimi sijui. Mtoto kaniandikia, nami ni baba."

Jibu hilo lilitugusa, kwa kuwa twajua kuwa si yeye peke yake. Wazazi wengi wa visiwa hivi wana watoto waliohitimu vyuo, nao wako tayari kutoa walicho nacho ili mtoto aendelee mbele. Kwa hiyo twataka kusema wazi: skolashipu ya kweli hainunuliwi. Mkutano wa elimu wa Jumuiya ya Madola uliokaa Oxford mwaka 1959 ndio ulioanzisha skolashipu za Jumuiya hiyo, na wanafunzi wa kwanza walipokewa Uingereza mwaka 1960. Mpango wa Chevening wa serikali ya Uingereza ulianza mwaka 1983. Kuomba katika mipango yote miwili ni bure. Anayechaguliwa hulipiwa ada, nauli ya ndege na posho ya kuishi. Tena tume ya skolashipu za Jumuiya ya Madola humtaka mwombaji awe mtu asiyeweza kujilipia masomo hayo Uingereza. Basi itakuwaje mpango uliowekwa kwa ajili ya asiye na uwezo udai kwanza milioni tatu?

Wazee watakumbuka hadithi za baba zao. Katika miaka ya 1930 mashamba mengi ya mikarafuu yalikuwa yamewekwa rehani, hata mwaka 1934 serikali ya wakati ule ikatoa sheria ya kuzuia ardhi isiponyoke kwa deni. Haifai sisi tuirudishe rehani ile kwa mlango wa elimu.

Mzee alikubali kungoja. Ikasadifu kuwa mwezi uliofuata tulikuwa na safari ya Mwanza kuwaona wenzetu wa ushirika wa pamba. Njiani tukateremka Shinyanga, tukaenda mpaka Didia kuonana na kijana.

Didia si nchi ya kivuli kama Pemba. Ni uwanda wa pamba, mpunga na ng'ombe, na wakati wa kiangazi vumbi huingia hata kwenye chai. Watu walituamkia "Mwangaluka," wakatuandalia michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Kijana wetu alitupokea kwa adabu, akaona haya kidogo alipojua tumekuja kwa jambo gani. Tukamwomba atuonyeshe maombi aliyopeleka mwaka wa nyuma, ambayo yalikataliwa.

Yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza kizuri. Alieleza kuwa tangu utotoni alitamani kusoma Uingereza, kuwa nchi ile ina vyuo vya sifa, na kuwa yeye ni mtu wa bidii. Tulipomaliza kusoma tukamwambia, "Mwanetu, barua hii yaweza kuwa ya mtu yeyote, wa mahali popote. Didia iko wapi humu?"

Akanyamaza. Kisha akatupeleka nyuma ya skuli, mwendo wa nusu saa, mpaka kwenye ngitili.

Kwa wasiojua, ngitili ni desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza, ili majani yakue, na kuifungua wakati wa kiangazi ng'ombe wanapokosa chakula. Zamani misitu ya Shinyanga ilikatwa sana, kwa kufukuza mbung'o na kwa kupata mashamba, hata nchi ikakaribia kuwa jangwa. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI. Mpango huo haukuleta kitu kigeni, bali uliwatia watu moyo wairudie ngitili yao. Zilizojulikana mwanzoni zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Kufikia mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Kijana alikuwa amepima vipande vinne vya ngitili pamoja na wanafunzi wake, akihesabu miti inayochipua na kuandika tarehe katika daftari. Alitaka kujua ni mti gani unaorudi upesi, na ni miezi mingapi ng'ombe waweza kulishwa bila kuiharibu ngitili. Hayo yote hakuyaandika katika maombi yake! Alidhani ni mambo ya kijijini, hayafai kupelekwa Uingereza.

Hapo ndipo tulipomweleza habari za Paul Bomani. Alikuwa kiongozi wa wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1953 alikwenda kusoma katika Chuo cha Ushirika karibu na Loughborough, Uingereza. Alikwenda akiwa na shida ya wakulima wake kichwani, jinsi wapate kuuza pamba yao wenyewe kwa mizani ya haki. Aliporudi, mwaka 1955 kikaundwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, ambacho kilikuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Baadaye akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika.

Kwa faida ya watoto wa wanachama wote, twayaweka hapa tuliyomshauri.

Kwanza, mwombaji aanze na swali la kwao, aonyeshe amekwisha kulishughulikia kwa kiasi gani, kisha ndipo aseme chuo kipi kitamsaidia na kwa nini.

Pili, aeleze atakaporudi atafanya nini, wapi na pamoja na nani. Chevening humtaka aliyesomeshwa arudi kwao kwa muda usiopungua miaka miwili, na Jumuiya ya Madola huuliza masomo yatalifaa nini taifa lake.

Tatu, asome masharti kabla ya kuandika. Kwa shahada ya pili, Jumuiya ya Madola kwa kawaida hutaka shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu. Chevening hutaka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na mwombaji huchagua kozi tatu.

Nne, wadhamini wa kumwandikia barua wawe wanaoijua kazi yake, nao waombwe mapema. Mwenye cheo kikubwa asiyemjua hamfai kitu.

Tano, mtu yeyote akidai fedha ili "kupitisha jina," mazungumzo yaishe hapo hapo.

Neno hili latuhusu hata sisi tusioomba. Katika miaka ya 1940 na 1950, mikarafuu yetu ilipokuwa ikifa ghafla, wataalamu walitoka Uingereza wakaja kutafuta sababu. Swali lilikuwa letu, lakini mtafutaji alikuwa mgeni. Leo mtoto aliyekua akichambua makonyo jamvini aweza kulichukua swali la baba yake mwenyewe mpaka chuo kikuu, na akarudi na jibu. Wanachama wenye maswali ya shambani watuandikie. Tutayaweka katika kurasa hizi ili vijana wayaone.

Kijana wa Didia ameandika upya, na daftari lake la ngitili ndilo lililoanza safari hii. Jibu halijafika wakati tunapopiga chapa, na huenda akakataliwa tena. Lakini yule mtu wa milioni tatu hakupata hata senti. Mzee alichuma karafuu zake mwenyewe, akazianika mwenyewe, na mikarafuu yake ingali mikononi mwake.