Tulivyompeleka mgeni wetu kula sambaza

Wamama wapenzi, ninyi ambao hamkutuona kwenye mkutano wa Jumamosi, msiseme tuliwakimbia. Tulikuwa saba, na tulikuwa na mgeni: rafiki yetu tuliyesoma naye hapa Bukavu, ambaye sasa ana miaka 11 huko Granada, Uhispania. Alikuja kwa kilio cha mama yake mkubwa, akabaki wiki mbili. Tukaona si vizuri arudi bila kukaa naye hata siku moja nje ya matanga.

Kumpeleka restora, wote tulikubali. Shida ilikuwa nani atalipa. Tuseme ukweli: kwetu, mtu akitoka Ulaya, mfuko ni wake. Tunaagiza, tunakula, na fakitire ikija macho yote yanamwangalia yeye. Mmoja wetu alisema tuchukue pesa kwenye kisanduku. Mama anayetunza kisanduku akakataa kabisa, maana pesa ile ni ya ugonjwa na uzazi, si ya soda. Alikuwa na haki. Mwishowe kila mmoja akatoa franga 15,000 zake mwenyewe, na wawili ambao biashara haikuenda wiki ile tukawakopesha mpaka zamu yao ya likelemba.

Tulienda kando ya ziwa, upande wa Nguba. Tulifikiri kila mtu atapata bugali na samaki wake mkubwa, lakini tulipoona bei tukaanza kuhesabu kwa vidole chini ya meza. Mgeni wetu akacheka. «Mama zangu, tule kama kule ninakofanya kazi. Tuagize vidogo vidogo, tuweke vyote katikati.» Basi zikaja sahani tatu za sambaza, makemba ya kukaanga, brosheti za mbuzi, viazi, na pilipili.

Akatueleza kwamba chakula cha namna hiyo kule kinaitwa tapas. Neno «tapa» kwa Kihispania ni kifuniko. Wenyewe husimulia kwamba zamani walifunika glasi kwa kipande cha mkate au nyama ili inzi wasiingie. Granada mpaka leo, ukiagiza kinywaji, wanakuletea na kasahani ka chakula bila kulipisha. Zeituni, kipande cha mayai na viazi, au samaki wadogo wanaoitwa boquerones, waliopakwa unga na kukaangwa, unawala wazima. «Kila nikiwaona hao,» alisema, «nawaza Kivu.»

Wengi wetu tunasahau kwamba hata sambaza hakuzaliwa katika Kivu. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo nani angemwita mgeni?

Kisha mmoja akauliza: «Dada, na wewe unakula hizo tapas kila jioni?»

Akaweka brosheti chini. «Mimi niko nyuma, jikoni. Naosha vyombo. Sahani ndogo ni nzuri kwa mteja, lakini watu wanne wanakuletea sahani 20. Miaka yote hii sijaketi kule mbele hata mara moja.»

Tukanyamaza. Wawili kati yetu walikuja na maombi tayari, minerval ya mtoto na telefone ya mwingine. Hakuna aliyeyafungua. Walituambia wenyewe baadaye, na wameturuhusu tuandike.

Fakitire ilipokuja, kijana aliyetuhudumia alienda kuiweka moja kwa moja mbele ya mgeni. Franga 98,000. Mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba. Mama wa kisanduku akaivuta ile karatasi: «Hapana, dada. Leo wewe ndiye mteja.» Walivutana kidogo, kisha mgeni akaacha. Zile 7,000 zilizobaki zikaishia kwenye teksi ya kumrudisha kwao.

Kabla ya kusafiri alipita kutuonyesha ile tortilla ya mayai na viazi. Kata viazi sita vya kadiri na kitunguu kimoja, vyembamba sana. Vipike kwenye mafuta kwa moto mdogo mpaka vilainike, visigeuke chipsi. Chuja mafuta, usiyatupe. Changanya viazi na mayai sita yaliyopigwa na chumvi, viache vikae dakika chache, kisha mimina kwenye kikaango chenye mafuta kidogo. Chini ikishika, funika na sahani, pindua, rudisha upande wa pili. Hapo kwenye kupindua ndipo ya kwetu ya kwanza ilimwagika kwenye makala. Inaliwa hata ikiwa baridi.

Mmoja wetu anayeuza mbele ya shule amekwisha kuijaribu. Mayai sita yalimpa vipande 12, na vikaisha kabla ya kengele ya mapumziko.